Waliokaribishwa Ndani

Jumapili, 4 Agosti 2024

Mwezi wa saba wa kalenda yetu ya Kichina umeanza leo. Baba angekuwa hai angeshanikataza kupiga mluzi barabarani na kuacha nguo kwenye kamba baada ya jua kuzama. Ndio mwezi wafu wanatembea, hasa wale wasio na mtu.

Hapa Tarrow, mji wetu mdogo wa migodi, tunao wengi. Dhahabu ilipokwisha, wachimbaji wetu waliozikwa hapa wenye ndugu walifukuliwa, mifupa ikaoshwa na kurudishwa China kwa meli. Wasio na wa kuwaulizia wakabaki kilimani, upande wa juu wa makaburi. Hao ndio tunaowalisha mwezi huu. Nje – chini, kando ya njia. Ndani ya hekalu ni kwa mungu wetu Kwan na wafu wenye wenyewe.

Nimefagia peke yangu, kama kawaida. Baridi ya kukata masikio.

Jumanne, 6 Agosti

Bi. Haldane amepiga simu, yule wa idara ya mambo ya kale, Melbourne. Sauti ya upole, lakini alichosema kimenikata maini. Atakuja tarehe 2 Septemba. Akikuta watu bado wanaabudu, hekalu litabaki kama lilivyo. Akinikuta mimi na fagio tu, madhabahu, kengele na sanamu ya Kwan vitakwenda makumbusho ya mjini, vikae ndani ya kioo. Kwan ndani ya kioo, kama keki!

Nimempigia mdogo wangu Neville. Anaona afadhali. Nina miaka sabini na moja, nikianguka kule nani atajua?

"Na hao waumini utawatoa wapi, dada?" akaniuliza. "Wote tumeshawazika."

Nimemkatia simu. Amenikera kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku ya kulisha. Nilibandika tangazo kwa mwokaji mikate na kwa muuza nyama, nikawaomba watu mmoja mmoja. Wamekuja wawili. Neville, kwa kunionea huruma. Na jirani yangu Roy Tregear, anayenizibia paa likivuja. Babu zake walikuwa wachimbaji kama wetu, ila wa Kiingereza. Yeye amefuata nguruwe wa kuchoma, na hafichi.

Mvua ikashuka ya kumwaga. Njia ikawa mto. Wali, tofu ya soya, karanga, choroko zilizochipua – vyote vingesombwa. Nikaviingiza ndani. Sakafu ilikuwa imelowa, basi nikapanga bakuli juu ya mabenchi. Mabenchi matupu yale. Yaliniuma kuyatazama. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa lugha ya kijijini kwa Baba: karibuni ndani, mketi.

Neville akaacha kutafuna. Lugha hiyo hajui vizuri, lakini hilo alilielewa.

"Umewaambia nini?"

Nikamwambia nimewaambia mvua inanyesha. Roy akasema kwa mvua ile hata yeye angeingia bila kukaribishwa.

Kizingiti cha hekalu kinafika karibu na goti. Kimejengwa hivyo ili wafu wa nje wasivuke. Sikumbuki Baba alisema nini kuhusu mgeni aliyeitwa.

Baadaye tulikula ule wali. Hauna ladha. Roy akaongeza chumvi, akaonja, akaongeza tena, halafu akaangalia kopo la chumvi. Hakuna kitu.

Jumatatu, 19 Agosti

Udongo kwenye mabenchi. Wa manjano, umeshakauka. Sakafuni hakuna hata alama ya kiatu.

Udongo wa barabara zetu ni mwekundu. Wa manjano unatoka chini, kwenye mashimo ya migodi, na yalifukiwa kabla sijazaliwa. Roy anasema ni viatu vyangu. Mimi nakanyaga mabenchi kwa viatu tangu lini?

Nimeyafuta yote.

Alhamisi, 22 Agosti

Yamechafuka tena. Na leo, mchana kweupe, nikiwa nafuta kengele, mtu amekohoa nyuma yangu. Kikohozi kikavu cha mgodini, kile cha vumbi la mawe, kisichomalizika. Nilikisikia kwa babu utoto wangu wote. Sikugeuka. Baba alisema mwezi huu usigeuke.

Roy alikuwa juu ya paa. Akanipigia kelele kutoka huko, nimpe asali huyo mzee, anajiumiza kifua. Aliposhuka akauliza ameenda wapi. Nikasema ametoka.

Jumapili, 25 Agosti

Roy amekwenda makaburini kufyeka. Amerudi kabla ya kumaliza. Anasema upande wa juu ardhi imetitia, kila kaburi lina bonde, kama yale yaliyofukuliwa zamani. Lakini nyasi hazijakatika. Nimekwenda kuona. Ni kweli.

Nimesimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Kisha nimerudi nyumbani nikapika wali wa kuwapelekea, sufuria kubwa zaidi.

Jumatano, 28 Agosti

Sasa hata chakula cha nyumbani hakina ladha. Chai ni maji ya moto. Tangawizi natafuna kama kuni. Harufu pia sisikii. Nakula kidogo, naacha. Bakuli langu la bluu silioni, nimetafuta hadi uvunguni.

Niseme ukweli, hapa hakuna wa kunicheka: naogopa, lakini nafurahi. Asubuhi nakuta vijiti vya ubani vimeshawashwa. Nasalimia nikiingia. Miaka mingapi sijamsalimia mtu mle? Hekalu lina joto kama chumba walimotoka kukaa watu.

Jumamosi, 31 Agosti

Neville amekuja, amekataa kuvuka kizingiti. Mtu aliyezoea kuvutia sigara mle ndani! Ametazama mabenchi kutoka mlangoni, uso umempauka. Anasema Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya mwezi. Lazima nichome nguo za karatasi, za wafu kuvaa safarini, kwenye tanuri la uani kabla jua halijazama, niwaage, nifunge mlango. Mwezi ukiisha wakiwa ndani, hawatoki tena. Kumbe alikuwa anamsikiliza Baba!

Nikamwambia Jumatatu hiyohiyo Bi. Haldane anakuja. Anataka waumini, na hawa hapa wanakuja kila siku.

"Hao si waumini, dada," akasema. "Hao wana njaa."

Jumatatu, 2 Septemba

Naandika hapahapa, nimekaa kwenye kizingiti.

Bi. Haldane alifika baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nyuma, nachota maji. Niliporudi nikamkuta mlangoni kwa nje, amevua kofia, kamera ameifunika kwa kiganja. Nikamwambia aingie. Akaninong'oneza:

"Wacha wamalize kwanza. Sipendi kuwakatiza watu wakiwa kwenye ibada."

Nikachungulia. Mabenchi, bakuli, moshi wa ubani. Basi.

Akasubiri uani, akanywa chai yangu, akasema tamu sana. Alikuwa ameridhika. Alisema hakutegemea kukuta wazee wengi hivi, tena wametoka kazini na matope yao. Hakuna kitakachohamishwa. Atarudi Oktoba na wakubwa wake, na angependa kuwakuta watu walewale, azungumze nao. Akaenda zake.

Hekalu limepona. Nimelia, sikuweza kujizuia.

Sasa Neville yuko kwenye tanuri, na nguo za karatasi mikononi. Nimemweleza yote. Nimemwambia nikiwafukuza leo, Oktoba Bi. Haldane atamkuta nani? Hakugomba. Amesema, "Nitakuja mimi. Kila Jumapili nitakaa benchi la mbele, hata kama siamini. Nakuomba, dada. Waage." Neville hajawahi kuniomba kitu.

Nikamuuliza wao waende wapi. Kule kilimani nani anawaulizia? Akanyoosha mkono nimpe kiberiti.

Kiberiti kiko mfukoni mwangu. Jua limefika kwenye paa la Roy. Nyuma yangu kimya, hata kikohozi hakuna. Kama watu wanaosubiri kuambiwa neno.

Nimegeuka.

Kwenye benchi la mbele bakuli zote zimesogezwa upande mmoja. Wameacha nafasi ya mtu mmoja. Bakuli langu la bluu liko pale, limejaa wali, unatoka mvuke. Nasikia harufu yake hadi hapa – tangawizi, chumvi, mafuta ya ufuta. Siku zote hizi sijasikia harufu ya chochote.

Neville anaita. Nina njaa.