Meno Manne Juu

Machi 4

Baba shikamoo,

Natumaini mgongo umekupa nafuu. Sisi wazima, ila gari ulilonirithisha linanitia wasiwasi. Nikikanyaga breki, pedali inazama karibu na sakafu. Mume wangu anasema tuliuze kabla halijaniua. Jana nilimkuta anatoka uvunguni mwake, mikono myeusi. "Naangalia tu," akasema. Fundi cherehani anaangalia nini huko?

Mwanao

Machi 15

Mwanangu, marahaba. Mgongo ndio huu huu, tumeshazoeana.

Asiliguse huyo Sindano wako! Breki zimelegea tu, kaza mwenyewe. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua mbele kwa jeki. Nyuma ya kila dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, kuna kitundu chenye kizibo cha mpira. Kitoe, ingiza bisibisi, utagusa kigurudumu chenye meno. Sukuma juu meno manne, basi. Wengine hukaza mpaka tairi ligome ndipo walegeze. Hayo ni ya wanagenzi. Kisha paka rangi ya kucha pembeni mwa vizibo. Ikipasuka, ujue kuna mkono umepita.

Baba yako

Machi 30

Shikamoo Baba. U hali gani? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nilikaza kulia, nikakaza kushoto, meno manne juu kila upande. Nikapaka rangi. Kesho yake rangi ya kushoto imepasuka. Ya kushoto peke yake! Nilimkabili akiwa anashona, na wala hakukana. "Nilikuta tairi linazunguka bure, nikakaza. Wewe ukikaza linalegea." Mimi, mtoto wa fundi! Nikamwambia anataka kuniua, abebe cherehani yake aende kwa kaka yake. Ameenda. Nimekosea, Baba?

Mwanao

Aprili 9

Marahaba mwanangu. Hapa tunamshukuru Mungu.

Hukukosea hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo ndiyo kazi yake. Mtu akitaka gari liuzwe, kwanza hulifanya lionekane bovu. Kaza tena, sasa hakuna wa kuchokoachokoa, uendeshe kwa amani.

Baba yako

Aprili 27

Baba shikamoo. Usinicheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta.

Nilikaza kama ulivyosema. Rangi mpya ilibaki nzima, niliikagua asubuhi ile ile. Kwenye mteremko wa sokoni nikakanyaga breki, gari likanivuta kulia mpaka kwenye ukuta wa shule. Watoto walikuwa wameshaingia madarasani. Gereji wamefungua gurudumu la kushoto, breki hazigusi dramu kabisa. Na hakuna aliyezishika ila mimi.

Nijibu bila kuzunguka. Kushoto ni juu, au ni chini?

Mwanao

Mei 20

Mwanangu, marahaba, na pole sana na mkono. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu.

Ni chini. Gereji yetu tulikuwa mafundi wawili wa breki. Mimi nilishika kulia, marehemu mwenzangu kushoto, na hatukubadilishana mpaka alipofariki. Mkono wangu unajua kulia tu. Nilikuelekeza kwa mazoea, tena nikamchafua mumeo bila kumsikiliza. Naona haya. Nenda kwake, mwambie kosa ni langu.

Baba yako

Juni 2

Baba shikamoo. Plasta imetolewa, vidole vinakunjika.

Nilienda. Nilimsomea barua yako mlangoni kwa kaka yake. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama mkono bado unauma. Jumapili akaja na bisibisi. Akakaza kushoto mpaka tairi likagoma, akalegeza kidogo, akalizungusha huku ametega sikio. Akafanya na kulia vivyo hivyo. Nikamwambia chai iko tayari, aingie ndani.

Akanawa mikono bombani. "Gari lako sasa linashika," akasema. "Ila niambie, mke wangu. Ulinionaje mimi, hata ukaamini nataka ufe?"

Akajifuta mikono kwenye suruali, akaondoka.

Anasubiri jibu, Baba, na mimi sinalo. Hili usinielekeze.

Mwanao