Kamanda wa Njia Nyepesi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Huku sisi wazima. Mama naye ni mzima. Mzima kupita kiasi, dada, na ndiyo maana nakuandikia.

Juzi pale hotelini mashine za kufulia ziliharibika, tukaambiwa sote wa chumba cha kufulia turudi nyumbani mapema. Yule mwenzangu tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, akaniambia nimekonda kwa kuuguza, twende tukanyooshe miguu katika ule msitu ulio mwisho wa njia ya basi. Nilikataa. Nikamwambia mama yuko peke yake kitandani, na hawezi kufika msalani bila kushikwa mkono. Akasema jirani yupo, na njia yenyewe ni nyepesi, hata kigari cha mtoto kinapita. Basi nikaenda, roho ikinisuta.

Ni njia nzuri kweli. Changarawe imeshindiliwa vizuri, penye majimaji pana madaraja ya mbao, na mabenchi yamewekwa kila penye kivuli. Magari ya mjini unayasikia kwa mbali, na bado miti imekufunika. Mlinzi wa getini alitushauri tukae pembeni, maana Kamanda na wazee wake walikuwa karibu kurudi, na Kamanda hampishi mtu. Tukacheka.

Hatujafika daraja la pili nikasikia filimbi. Kwenye kona likatokea kundi la wastaafu, wanahema, jasho linawatiririka, na mbele yao mwanamke mwenye raba nyeupe, anachapa mguu huku akiwafokea wa nyuma waache kujivuta. Dada, alikuwa mama! Mama yetu! Huyuhuyu ninayemkanda magoti kila jioni kwa mafuta ya moto, leo analia la kushoto, kesho la kulia, nami nikadhani ugonjwa unahama. Yeye akasimama, filimbi mdomoni, akanitazama, kisha, hutaamini, akaanza kuchechemea.

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia.

Mama aliwaambia wazee wake watangulie, akanikalisha kwenye benchi. Nilimtolea maneno ambayo sitayarudia hapa. Nimeacha nyumba yangu, nimelala kwenye godoro sakafuni, nikiamka kila akikohoa, kumbe! Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza kwa upole kama nakumbuka siku aliyokuja kututembelea, mimi na mume wangu. Alisema mume wangu alipofungua tu mlango nilidondosha sufuria, na yeye mama alipoinama kunisaidia kuokota akaona alama za vidole shingoni mwangu. Aliniuliza, nikamjibu ni mkufu. Alijua akiniambia niondoke nitakataa na kumtetea mwanamume yule. Lakini akiniita nimuuguze, nitakuja siku hiyohiyo, na mume hatakuwa na la kusema mbele ya watu. Matembezi aliyaanza baadaye, nikiwa kazini, kwa sababu kulala kutwa kulikaribia kumuua kweli. Raba anaziacha kwa jirani.

Halafu akaniambia kwamba wazo lilikuwa lako.

Dada! Barua zote zile nilizokuandikia habari za magoti, nawe ukanijibu pole, mbadilishie mafuta! Jana kutwa sikutaka hata kusikia ukitajwa. Leo sijui niseme nini. Naona aibu kwamba mlijua, na nashindwa kuelewa mliwezaje kunyamaza muda wote huo, mkaniacha na siri yangu kama vile bado ilikuwa siri.

Redio naye hajazimika. Habari za Kamanda zimezunguka mpaka zikamfikia mume wangu, ameleta ujumbe kwamba amefurahi sana mama mkwe amepona, na Jumamosi anakuja kunichukua. Mama ameshtuka kuliko mimi. Amesema atarudi kitandani, ajifunike, safari hii aumwe kiuno. Nimemkatalia.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili kwa mdomo wangu, kwa hiyo naanza na wewe kwa maandishi. Alikuwa ananipiga, dada. Mara nyingi. Mkufu sijawahi kuwa nao. Jumamosi nitamfungulia mlango mwenyewe, nimwambie hivyohivyo kwamba sirudi, na mama awe amesimama pembeni yangu.

Nisalimie shemeji, na wanao uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, ila anaona haya kukuandikia. Kama unaweza, njoo.

Ni mimi mdogo wako, uliyenidanganya na ninayekushukuru.