Bafle kubwa ao mikro nzuri

Mujukuu wangu Neema,

Jambo sana huko Kisangani. Hapa Katoyi tuko wazima, na goti la mama yako limepona.

Unaniuliza ununue nini kwanza kwa vyombo vyako vya muziki. Mimi na bibi yako tulibishana hivyo dukani, wakati tulikuwa vijana na tunaanza kazi ya kuchezesha arusi. Nilitaka bafle kubwa, zile spika za kutikisa mutaa wote wa Mabanga kwa sauti. Yeye akasema, “Watu wa arusi wanataka kusikia maneno.” Tukachukua mikro nzuri ya kusemea na bafle ndogo. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Kisha vita ikaleta watu kutoka Masisi, wakajaa kanisani kwetu mupaka nje. Mama mumoja alikuwa amepotezana na binti yake njiani. Tulikuwa tumeleta vyombo vyetu pale, bibi yako akamupa mikro. Yule mama hakupiga kelele, aliita kwa sauti yake ya kila siku, “Furaha, kuya tukule.”

Kule nje mutoto akaruka: “Ni mama!” Watu wakamupisha.

Bafle kubwa tulizipata baadaye, na tulichezesha arusi nyingi. Lakini nikikumbuka ujana wetu, ninamuona bibi yako siku ile, akigeuka kuniangalia, kisha akiangalia bafle yetu ndogo.

Usalimie wenzako wote.

Babu yako