Waliorukwa Kimya Kimya

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi kwa heshima ya aliyekuzaa: neno hata moja lisikuponyoke. Nina kazi hii tu.

Jumatatu, 4 Machi

Tunaunganisha orodha za wagonjwa wa macho wa vituo vitatu ziwe jedwali moja, ambalo kwalo watu wataitwa kwenye upasuaji wa Ijumaa. Aliyetibiwa vituo viwili ana mistari miwili. Bwana Semina — mkuu wetu, alihudhuria semina ya siku mbili na hatujapumua tangu hapo — ameamuru tuwatambue watu kwa namba ya simu. Namba ikiwa imeshaingia, mstari mwingine wenye namba hiyo urukwe, bila taarifa. Nikauliza, kwa adabu zote, kama si heri tutumie namba ya kadi, na mistari inayogongana tuiweke kando tuikague. Akasema shule nyingi huharibu vijana. Akacheka peke yake. Anaijua kompyuta kama jogoo anavyoijua alfajiri: kazi yake kuwika.

Jumanne, 5 Machi

Nimebonyeza mimi, kwa nywila yangu. Imekwenda mistari 2,318, imeingia 1,906. Kosa hakuna — mashine imekatazwa kusema! Bwana Semina amewatangazia madaktari kwamba "amesafisha". Wakampigia makofi.

Jumatano, 6 Machi

Nimewatafuta waliorukwa. Nesi wa kituo cha pili, kwa huruma, alimwandikia namba yake mwenyewe kila asiye na simu. Watu arobaini na mmoja. Sasa wote ni fundi viatu mmoja, aliyetangulia kuingia.

Kisha nikaifikia namba yangu. Niliandikisha wawili kwayo: bibi, aliyepasuliwa mwaka jana, na shangazi. Bibi katangulia kuingia. Shangazi hayupo. Kabakiwa na jicho moja, na daktari mpasuaji anakuja Ijumaa hii tu, harudi tena mpaka mwakani. Mwakani litakuwa limezimika.

Nikisema? Nywila yangu, shangazi yangu. Nitaitwa mwizi wa foleni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesema. Nimempa Bwana Semina karatasi ya majina ya waliorukwa. Hakuyasoma.

"Hayo ni marudio, kijana. Na shangazi yako angoje kama wengine."

"Mkuu, wengine ndio hao."

Akaweka kikombe cha chai juu ya karatasi. Kesho nirudishe kitambulisho cha kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Saa moja asubuhi. Shangazi amefika kabla ya mlinzi, hajala, kama alivyoagizwa. "Si uliniandika, mwanangu?" Nimejibu nilimwandika. Ni kweli.

Nimechapa upya karatasi ya waliorukwa. Naandika magotini, mbele ya chumba cha upasuaji. Daktari anavua koti ndani. Viatu vya Bwana Semina vinapanda ngazi — navijua, hata vyenyewe vina majivuno.

Ukinihitaji, usipige simu. Njoo ghorofa ya pili, benchi la kushoto, kando ya mama aliyefumba jicho moja. Niite kwa jina. Kwa namba ya simu, hapa mimi ni bibi, na nilishatibiwa.