Mgeni wangu kafungisha lifti ya watu

Shosti, nimekaa kwenye ngazi, nacheka huku nalia.

Si unajua Kidoti kaja kunitembelea na kazini wameninyima ruhusa? Nikasema potelea mbali, nitazunguka naye huku nakagua lifti zangu, auone mji kutoka juu ya mapaa. Nikamvika kofia ngumu ya kazi.

Jengo la kwanza, ghorofa kumi na mbili. Lifti ikafunguka. Kidoti akachungulia ndani, akarudi nyuma, akatamka kwa ile sauti yake ya mama mkwe: "Mimi hii siipandi."

SIIPANDI! Mbele ya meneja wa jengo!

Kumbe mwenzetu anaogopa lifti tangu azaliwe. Meneja kaiona kofia, jasho likamtoka. "Mama mkaguzi, kuna nini?"

"Moyo wangu umeikataa."

Moyo, shosti! Lifti ikafungwa papo hapo, wapangaji wote kwenye ngazi. Nimeikagua mpaka basi, haina hata kasoro moja.

Sasa hivi bosi kapiga. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Eti meneja kamsifu Kidoti: "Yule mama ana msimamo!" Bosi akaongeza: "Kesho njoo naye tena."

Nikamgeukia Kidoti. Anajikanda miguu, hata hanitazami: "Mwambie mimi niko likizo."