Pigano Ulilosema Uliteleza

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia, afadhali ujue mapema. Tangu tukuzike, miezi minne sasa, nimekuwa mtu wa kushuku kila kitu, hata wewe.

Siku ya kugawana vitu vyako baada ya matanga, kaka Didier alichukua koti na redio. Mimi nikapewa valizi, lile sanduku lako la magazeti ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Hakuna isipokuwa Tonton Anaclet, rafiki yako aliyekuwa akikupa maji na taulo kando ya ulingo enzi za ujana wenu. Alikuja nyumbani mara tatu. "Ile valizi, mutoto wangu, iko na makaratasi ya bule tu. Unipatie." Makaratasi ya bure, na mzee mwenye magoti mabovu anapanda taxi-bus mara tatu? Nikaitia kufuli.

Kisha nikaanza kusoma, kutafuta anachoficha. Unajua nilivyochukia ndondi. Kwangu zilikuwa wanaume wawili wanaoharibiana sura, na Jumapili zako ulizotunyima. Lakini mwandishi wa michezo wa magazeti hayo, ambaye hata jina lake hakuliweka, alinikamata. Hakuanza na ngumi, alianza na miguu. Alieleza jinsi mtu alivyorudi nyuma nusu hatua, nusu hatua, raundi nzima, mpaka mwenzake akachoka kwa kupiga hewa. Alieleza mshindi aliyeshindwa kufungua kamba za viatu vyake kwa vidole vilivyovimba. Nilidhani anatia chumvi. Jumapili moja nikaenda kutazama ndondi kwenye ukumbi wa parokia, nimkamate mwongo. Papa, ni kweli! Nilitazama miguu tu, na nikajikuta nimesimama juu ya benchi napiga kelele, mimi, mwalimu wa hesabu.

Chini kabisa ya valizi nilikuta habari ya pigano lako la mwisho, lile ulilotuambia maisha yako yote kwamba uliteleza kwenye maji. Mwandishi anasema sakafu ilikuwa kavu. Anasema ulikuwa unaongoza, raundi ya tano ukamtazama Anaclet, ukakaa chini polepole mpaka hesabu ikaisha. Wewe, uliyekwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kunishtaki kwamba nimenakili kwenye mtihani, hadi nikarudia mwaka mzima! Wewe ndiye uliyeuza pigano?

Nilimpelekea Anaclet gazeti. Alilikunja, akalikunjua.

"Hakuna mwenye aliuza. Baba yako alikuwa haone tena na jicho ya kushoto. Ni miye nilimwambia: ikala chini, watu basione kama hauone ngumi za kushoto. Kama bangejua kule ku reli, bangemufukuza kazi, na mama yako alikuwa na mimba yako."

Anasema ulimwapisha achome magazeti yale ukifa, yasije yakasomwa. Hata hapo sikumwamini. Mtu anaweza kuandaa maneno matamu mapema. Nikamuuliza Mama.

Mama hakushangaa. Alisema kila mwaka, kabla daktari wa reli hajawapima wafanyakazi macho, mlikuwa mnakaa jikoni, wewe ukikariri herufi za ubao wake, mstari kwa mstari, kutoka juu hadi zile ndogo kabisa. Yeye alikuwa anakusahihisha huku akisonga bukari.

Mtihani, Papa. Uliiba mtihani, kila mwaka mpaka ukastaafu, na mimi ukanirudisha darasa kwa swali moja la jiografia! Nilicheka kwa hasira. Kisha nililia, mpaka Mama akaacha kunibembeleza akalia pia. Miaka yote hiyo ulitengeneza mabehewa kwa jicho moja, na sisi tulikula.

Lala salama, Papa wangu. Didier bado hajui, na anauliza kwa nini nashinda ukumbini siku hizi. Nakuahidi: akiuliza kuhusu pigano lile, nitamwambia uliteleza.

Binti yako,
Georgette