Sentimita Mbili na Nusu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mama hakuachi upande ngazi ovyo. Mimi ni mzima, ila mapaja yananiuma, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Miezi miwili iliyopita kocha wetu wa timu ya wanawake alitugawa. Nusu tujinyooshe miguu kila jioni baada ya mazoezi, nusu wasijinyooshe, tuone kama kweli misuli italainika. Mimi beki mkongwe, miaka thelathini na mmoja, nikawekwa kwa wanaojinyoosha. Wenzangu wakacheka, wakasema samaki hukunjwa angali mbichi. Kocha akaahidi kwamba nikiongeza sentimita tano nitarudi kikosi cha kwanza, na binti anayecheza nafasi yangu atakaa benchi.

Kipimo ni sanduku lenye rula juu. Unakaa chini, miguu imenyooka, nyayo zimegusa sanduku, unasukuma vidole vya mikono mbele kadiri uwezavyo. Daftari nalishika mimi, maana mwandiko wangu unasomeka. Wiki ya nane nikawa nimeongeza sita! Nilirukaruka kama mtoto.

Lakini unaujua udadisi wangu. Niliona wale wasiojinyoosha nao wameongeza, karibu wote sentimita mbili na nusu. Wamelainishwa na nini? Nikawauliza wanakula nini, wanalalaje, wakaniona nimechanganyikiwa. Jumatatu, nikiosha viatu, nikapata jibu. Mara ya kwanza tulipimana uwanjani na viatu vya mpira miguuni, soli zikatuweka mbali na rula. Mara ya mwisho tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, miguu mitupu. Nikapima soli pamoja na meno yake: mbili na nusu kamili. Kujinyoosha kunasaidia kweli, ila mimi nimeongeza tatu na nusu tu.

Sasa nikuambie lililo moyoni, Baba. Hayo niliyajua Jumatatu, na Jumamosi nikavaa jezi nikacheza, binti wa watu yuko benchi ananipigia makofi. Nimeona aibu kubwa. Leo asubuhi nimempelekea kocha kiatu, rula na daftari. Hakunigombeza. Amemrudishia binti nafasi yake, akaniambia nipime tena wiki nane nyingine, wote bila viatu, makundi yabadilishane. Nakiri natamani kujua itakuwaje.

Mama ameniambia umebandika picha ya mechi ile sebuleni, na kila mgeni lazima aitazame. Naomba uibandue, Baba. Nitakuletea nyingine nikiistahili.

Nisalimie mama na wadogo zangu wote.

Mwanao,
beki wa akiba